Naomba ushauri: kuwafundisha wahudumu wa afya ya jamii kuhudumia wazee

Habari wakuu. Nina siku tatu tu (ndiyo, tatu!) za kuwafundisha wahudumu wa afya ya jamii kuhudumia wazee, eneo ambalo daktari yuko mbali. Nimeshika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019: kumbukumbu, kutembea, lishe, macho, masikio, huzuni. Kipimo cha kiti wamekipenda: mzee anasimama mara 5 bila kutumia mikono, akizidi sekunde 14, achunguzwe zaidi.

Kinachonishinda ni dawa. Mzee anameza za presha, za kisukari na za maumivu kutoka sehemu tofauti, akipata kizunguzungu akaanguka, wanasema ni uzee. Mhudumu asiyeruhusiwa kubadili dawa nimfundishe nini hasa? Aliyewahi kulifanya hili anisaidie.