Hydra wa vichwa tisa, vikundi tisa, ufukweni Shangani: naomba ushauri wa viungo, upepo na ngozi

Mwana_Shangani

Habari wakuu. Kamati yetu inaandaa tamasha la sanaa ufukweni Shangani, hapa Mtwara, na tumekubaliana kazi kuu iwe Hydra wa Lerna, yule joka wa Wagiriki aliyepigana na Heracles. Watoto wetu wamekua na ngano za joka la vichwa saba, kwa hiyo hakuna atakayeuliza huyu ni mnyama gani. Zaidi ya hapo, vichwa vingi vinaigawa kazi vizuri: vikundi tisa, kila kimoja na kichwa chake. Tunao wachonga vinyago, wasusi wa ukili, mafundi wa mashua, mafundi cherehani, sekondari mbili na wengineo.

Mpango wa sasa: kichwa cha kati kifike mita 8, vile vinane mita 6, ngozi ya turubai, na usiku vichwa vikatwe na kuchomwa moto kama hadithi inavyosema. Tarehe, katikati ya Julai. Tunakwama hapa: vichwa vilivyotengenezwa mitaa tisa tofauti vitaungana vipi siku ya mwisho bila kugombana? Na je, kitu hiki kitasimama kwenye mchanga?

FundiBomba

Mkuu, anza na kimo. Punguzeni: mita 5.5 kwa kichwa cha kati na 4 kwa vinane. Bado ni joka la kutisha kwa mtu aliyesimama chini yake.

Sababu ni upepo, maana Julai ni kusi. Chukulia upepo wa ghafla wa mita 15 kwa sekunde, sawa na kilomita 54 kwa saa. Kila mita ya mraba iliyozibwa inasukumwa kwa uzito wa kilo 17 hivi. Kichwa kikiwa na mita ya mraba 1, shingo ikiwa na upana wa sentimita 30, na ukijumlisha kiwiliwili, vichwa vyote tisa kwa vimo nilivyotaja vinapindua kwa nguvu ya kilo 1,100 kwenye mkono wa mita 1. Fremu ya chini ya mita 3 kwa 3, ikilaliwa na viroba 40 vya mchanga vya kilo 40 kila kimoja, inapinga kwa 2,400. Mna akiba ya zaidi ya mara mbili. Kwa mita 8 na 6 nguvu ya kupindua inapanda hadi 1,900 hivi, na kabla hata fremu haijainuka, bomba la inchi 2 lenye ukuta wa milimita 3 linapinda chini kabisa, pale linapotoka kwenye fremu. Kumbukeni pia kwamba upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Hesabu hii haina huruma.

Sasa viungo. Kazi ya vikundi vingi huharibika pale vitu viwili vinapokutana, kwa hiyo sehemu hiyo msiwaachie vikundi. Fundi mmoja achomelee fremu na shingo zote tisa za bomba la inchi 2, kila moja ikiegemezwa chini kwa vyuma viwili vya pembe. Fundi huyohuyo akate vipande tisa vya bomba la inchi moja na nusu, kila kimoja mita 1.2, na kukipa kila kikundi kipande chake siku ya kwanza. Kikundi kinajenga kichwa kuzunguka nusu ya kipande hicho. Nusu nyingine, sentimita 60, inaachwa wazi ili izame ndani ya shingo. Bolti moja ya milimita 12 inapita katikati ya yote mawili. Matundu yatobolewe mabomba yakiwa yameshachomekwa, kisha kila jozi iandikwe namba kwa ncha ya chuma. Rangi ya kawaida itafunikwa na karatasi.

Kati ya mabomba hayo patabaki nafasi ya milimita 5 hadi 6, na kichwa kitacheza usiku kucha mpaka bolti ikate tundu. Zungushieni vipande vya tyubu ya baiskeli mpaka kiingie kwa kusukuma.

Mnaona kiungo kipo juu, karibu na kichwa. Ni makusudi, kwa kuwa huko nguvu ya kupinda ni ndogo. Kikiwa chini kwenye kiwiliwili, kila shingo itaning'inia juu ya bolti moja.

Kila kikundi kipewe mipaka minne tu: urefu mita 1.2, upana sentimita 80, kimo sentimita 80, uzito kilo 15. Mengine yote, sura, rangi, meno, wafanye wapendavyo. Pimeni kwa mizani wiki mbili kabla, kwa sababu kichwa kilichozidi siku ya tamasha kitasimamishwa hivyohivyo, hakuna atakayekuwa na moyo wa kukikataa. Jaribio: kichomekeni kwenye shingo, kining'inizieni kilo nyingine 15, kiacheni usiku mmoja.

Cha kati kifungwe kamba tatu za nailoni kwenye kimo cha mita 4. Kila kamba ishikwe na gogo la mnazi la mita moja lililolazwa na kuzikwa kina cha mita moja, kamba ikiwa katikati ya gogo. Kigingi cha kawaida kwenye mchanga mkavu hung'oka. Fungeni vitambaa vyeupe kwenye kamba, watu hujikwaa gizani.

Bi_Ukili

Nakubaliana na Fundi, nami naongeza hili: turubai liacheni kabisa. Linashika upepo kama tanga. Tafuteni nyavu chakavu za jarife, zishoneni kama soksi ndefu, zivisheni shingo, kisha funga vipande vya vitenge kwenye macho ya wavu huku mkiacha karibu nusu wazi. Upepo unapita, na vile vitambaa vikicheza joka linaonekana linapumua. Turubai haliwezi kukupa hilo.

Wasusi wenu msiwafungie kwenye kichwa kimoja. Ukili uliotiwa rangi, uliokatwa vipande vya shibiri moja na kushonwa kwa kupandana, ndiyo magamba bora, na shingo zote tisa zikiwa na magamba ya mkono mmoja, joka litakuwa joka moja hata vichwa vikitofautiana sana.

Vichwa: mifupa ya mianzi iliyopasuliwa, ifungwe kwa waya laini, juu yake karatasi. Mianzi iloweke wiki mbili kwanza, la sivyo bungua wataila ndani ya miezi michache. Karatasi nzuri ni ya mifuko ya saruji iliyokung'utwa vizuri, ina nyuzi ndefu kuliko gazeti. Gundi: kikombe 1 cha unga wa muhogo ukorogwe kwa kikombe 1 cha maji baridi, umiminiwe vikombe 4 vya maji yanayochemka, ukorogwe hadi ung'ae. Tabaka tano. Kila tabaka likauke kabisa kabla ya linalofuata, na likaukie kivulini penye upepo. Jua kali hukausha juu tu. Ndani kunabaki maji, na siku ya nne utanusa ukungu. Msitie chumvi kwenye gundi kwa kudhani itazuia kuoza. Chumvi inavuta unyevu, na hewa yetu ya pwani inao wa kutosha. Mwishoni pakeni vanishi ndani na nje. Usiku vichwa vining'inizwe, panya na mende wanaupenda sana unga huo.

Wachonga vinyago wasitumie mpingo kwa kichwa kizima. Ni mti unaozama majini, kilo 15 zitaisha kabla ya taya. Mpingo uwe meno na mboni. Na kama kuna anayefikiria kupachika lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde, kama pambo, waulizwe kwanza wazee wenye jando lao.

Mwalimu_Newala

Kuhusu hadithi yenyewe, idadi ya tisa ni sahihi kwa masimulizi ya Apollodorus, mwandishi wa kale wa ngano za Kigiriki: vichwa vinane vya kufa, na cha kati kisichokufa. Kwa hiyo hicho cha kati kisikatwe kama vingine. Heracles alikizika chini ya jiwe zito kando ya barabara. Kwenu kinaweza kushushwa mzima na kufukiwa kwa mchanga na vikundi vyote tisa.

Moto nao una nafasi yake maalumu. Kila kichwa kilichokatwa kiliota viwili, mpaka Iolaus, msaidizi wa Heracles, alipokuja na vijinga vya moto kuchoma visiki vya shingo. Kilichochomwa ni kisiki. Basi hamna haja ya kuunguza vichwa, na msiunguze: wavu wa nailoni ukiwaka hudondosha matone ya moto, na watoto watakuwa chini yake. Tumieni kitambaa chekundu chenye taa ndani. Kwa vichwa viwili vinavyoota, shoneni vya kitenge, vifungwe kwa kamba inayopita kwenye kapi dogo juu ya shingo. Kichwa kikubwa kikishushwa, watu wawili chini wanavuta, viwili vinapanda. Fanyeni hivyo kwa shingo mbili au tatu tu, kamba zikizidi zitasokotana.

Na msimsahau kaa. Katika pambano lile kaa mkubwa alitoka akamng'ata Heracles mguu. Kwa ufuko wa Mtwara hiyo ni zawadi: wapeni wanafunzi wa msingi wamtengeneze.

Jambo moja nalipenda kwa kazi yenu. Eurystheus, mfalme aliyempangia Heracles kazi zake, alikataa kuihesabu kazi hii kwa sababu Heracles alisaidiwa na Iolaus. Ninyi mnaijenga upya kwa mikono ya vikundi tisa, na mtangazaji aliseme hilo.

Nahodha_Mikindani

Sogezeni tarehe. Mwishoni mwa Septemba kusi limepungua, mvua bado, na msimu wa korosho haujawachukua watu wote. Mkichelewa hadi Novemba hamtapata mtu wala gari.

Ndani ya mwezi huo chagueni maji mafu, yaani maji yasiyojaa wala kupwa sana, siku ya 7 au 8 ya mwezi mwandamo, au ya 22 hivi. Bamvua, yale maji makubwa, hujaa mnamo saa 10 jioni, wakati uleule wa watu kukusanyika. Fremu ikae juu ya mstari wa majani makavu yaliyoachwa na bamvua. Mchanga ukilowa chini ya viroba unalegea, na fremu inalala upande.

Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Yenu ni ya muda, lakini andikeni hivyo kwenye barua ya manispaa pamoja na tarehe ya kubomoa. Afisa utamaduni awaelekeze kuhusu BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na polisi. Na mikoko isikatwe, hata fito moja.

Mwana_Shangani

Asanteni sana, nimeandika yote. Septemba imekubalika, na moto tumeufuta. Swali la mwisho: taa tisa hizo zinahitaji jenereta?

FundiBomba

Hapana. Utepe wa LED wa volti 12, mita 3 kwa kila kichwa, wati 5 kwa mita: jumla wati 135, yaani ampea 11 na robo. Kwa saa nne ni ampea-saa 45, betri moja ya ampea-saa 100 inatosha bila kuchoshwa. Kila shingo iwe na fyuzi yake ya ampea 3, ili moja ikipata shoti nane zibaki zinawaka. Waya upite ndani ya bomba, na tundu la kuingilia lipigwe tupa kwanza, maana ukingo wa chuma unakata ngozi ya waya. Betri ikae kwenye ndoo yenye mfuniko, juu ya viroba, mbali na mchanga.