Tupeane uzoefu: bima ya afya ya lazima, lete kisa chako

Muuza Viazi, Kongowea
Asalaam aleikum. Jana nimetoa 500 ya mchango wa hospitali kwa mtu nisiyemjua hata sura, nimetiwa tu kwenye kundi la WhatsApp. Ni wa tatu mwezi huu. Na hadi leo sijalipa SHA, hii bima mpya ya afya ya serikali ya Kenya, kwa sababu moja: sipendi kulazimishwa. Enzi za NHIF, ile bima ya zamani, sisi tusio na mwajiri, ukitaka walipa 500 kwa mwezi, hutaki waacha. Tangu Oktoba 2024 ni lazima, tena twatakiwa tulipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Julai 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria yenyewe yakiuka katiba, Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo Septemba. Mimi naamka saa kumi alfajiri, najua kutunza changu. Lakini siasa sitaki hapa. Mwenye kisa kilichomkuta yeye, alete.

Mlinzi wa Nyali
Mimi sikuulizwa, yakatwa kabla mshahara haujanifikia. Ila nipigie hesabu. Napata 24,000. NHIF ilikuwa 750, sasa asilimia 2.75 ni 660. Nimepunguziwa! Anayelia ni bosi wangu: mwenye laki moja alikatwa 1,700, sasa 2,750. Yeye kanyang'anywa uhuru, mimi nimebaki na 90 ya mahamri.

Dereva wa Tuktuk, Bombolulu
Nilikuwa kama wewe, kaka. Nilikuwa na kibubu, kila jioni naangusha mia, hakuna wa kuniuliza. Nilijiona mwanamume kweli. Mwaka jana mwanangu akashikwa na tumbo usiku, kumbe ni kidole tumbo. Nikavunja kibubu sakafuni, mke wangu kashika tochi: 31,400. Hospitali tuliyomkimbiza ilitaka karibu mara tatu ya hizo. Kilichofuata wakijua. Kundi la WhatsApp. Jina la mwanangu, picha yake kitandani, namba yangu ya simu. Mtoto kapona, alhamdulillah, lakini ile picha bado yazunguka, majuzi abiria kanionyesha akiniuliza kama namjua. Sasa nikuulize: hiyo 500 ya jana ulitoa kwa hiari, au uliona haya kukataa?

Mama Pacha, Likoni
Mimi nililipa. Ili wakadirie kipato changu, niliulizwa nyumba ina ukuta gani, choo cha aina gani, napikia nini, hesabu ikaja 7,320 kwa mwaka. Chama ndicho kilinikopesha. Siku ya kujifungua, hospitali moja ikaniambia mtandao umekwama, niweke kwanza pesa taslimu. Nikakaa kwenye benchi na uchungu wangu, mama mkwe akigombana na karani hadi sauti ikamkauka. Mtandao ukaamka, nikapasuliwa, na 30,000 za upasuaji sikuzitoa mimi. Kwa hivyo sijui niko upande gani. Nikilazimishwa kulipa, na hospitali ilazimishwe kunipokea.

Mzee wa Mji wa Kale
Nyote mwazungumza pesa. Langu ni la dini. Bima ya kawaida naiona ina gharar, watoa usichojua utapata nini, na sijui fedha zazungushwa wapi isije ikawa riba. Takaful ni kitu chengine, watu wachangiana kwa nia ya kusaidiana. Kuna masheikh wasemao hii ya serikali si biashara, haina neno. Moyo wangu haujatulia. Nimejisajili kwa kuwa ni sheria, ila ningepewa nafasi ya kuchagua njia, ningelipa hata zaidi.

Kijana wa Buxton
Mbona bima ya tuktuk ni lazima na hamlalamiki?

Muuza Viazi, Kongowea
Tuktuk ukishindwa nayo waiuza. Huu mwili nitamuuzia nani?

Dereva, umenishika pabaya. Nilitoa kwa sababu jirani alishatoa, na majina yaonekana kwa kila mtu. Bado sijalipa, lakini sasa hivi nimepiga *147# nione tu nitatakiwa ngapi. Mama Pacha, hilo swali la choo nijibuje? Ploti nzima tuna kimoja.