Kuendesha kreni bandarini kunahitaji nini?

Mkazi wa Tandika:
Habari zenu, wakubwa. Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne na anataka kuendesha kreni katika bandari ya Dar es Salaam. Baba anashikilia kwamba kazi hiyo ni ya wenye misuli. Je, ni kweli?

Fundi wa Kurasini:
Misuli ni ya kuli, ndugu yangu. Mwendesha kreni ya gatini hukaa kibandani juu, akitazama chini kupitia sakafu ya kioo na kukadiria umbali hadi kwenye pembe za kontena, kwa hiyo kinachotangulia ni macho mazima na kichwa kisichopata kizunguzungu. Kinachoumia baada ya miaka ni shingo na mgongo. Kisha kuna utulivu, ambao mimi nauweka mbele ya vyeti: kontena la futi 40 lililojaa huweza kufikia tani 30, na likianza kubembea, mwenye papara ni hatari kwa walio chini.

Afisa ajira mstaafu:
Cheti cha kidato cha nne ni mwanzo tu. Atahitaji mafunzo ya mitambo. Upimaji wa afya ya mfanyakazi nao umo katika Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, wala si hiari ya bosi.

Mkazi wa Tandika:
Ahsanteni. Anavaa miwani, lakini.

Fundi wa Kurasini:
Miwani peke yake isimkatishe tamaa. Apimwe akiwa ameivaa.