Uzi: Nimjibu nini mzee anayeuliza faida ya programu ya kupanga uzalishaji kiwandani?

MsimamiziNakuru

Ndugu wanajukwaa, salamu kutoka Nakuru. Mimi ndiye ninayepanga uzalishaji katika kiwanda cha wastani cha vyakula vya mifugo, chenye kinu kimoja, kichanganyio kimoja na mashine moja ya peleti, yaani ile inayoshindilia chakula kuwa vipande vidogo vigumu. Tunatengeneza vyakula vya kuku wa mayai, kuku wa nyama, nguruwe na ng'ombe wa maziwa, na wateja wetu ni maduka ya agroveti kuanzia Njoro na Molo hadi Kericho na Bomet. Kwa miaka sita nimepanga kazi kwa Excel na kwa ubao mweupe uliotundikwa mlangoni mwa ghala. Kila Jumatatu ubao huo hupendeza, lakini ikifika Jumatano jioni hausomeki kwa jinsi ulivyofutwafutwa, kwa sababu mteja mkubwa amepiga simu, au mashudu ya alizeti yamechelewa njiani, au mashine ya peleti imeziba. Wiki iliyopita tulilipa saa za ziada siku nne mfululizo, na bado lori la Bomet liliondoka likiwa nusu tupu.

Nimependekeza tununue programu ya kupanga ratiba, ile inayokokotoa yenyewe mpangilio wa kazi kwa kuzingatia uwezo wa kila mashine. Mzee mwenye kiwanda, ambaye alianza na kinu cha posho na hapendi kununua asichoweza kukigusa, ameniuliza swali moja tu: itamletea nini ambacho mimi simletei? Naomba mnisaidie kumjibu, maana nikisema "ufanisi" atanicheka.

MhasibuKisumu

Bwana Msimamizi, mwonyeshe mzee mahali pesa zake zilipolala. Mahindi na mashudu yaliyojaa ghalani ni mkopo wa benki uliotiwa kwenye magunia. Kiwanda kisichojua kitatengeneza nini wiki ijayo hununua kila kitu kwa wingi kwa hofu ya kupungukiwa, na huku mahindi yaliyoingia na unyevu unaozidi asilimia 13.5 yanaota kuvu. Ratiba inayoaminika humwezesha mnunuzi kuagiza kwa tarehe badala ya kuagiza kwa hofu. Hata hivyo, usimwahidi kwamba akiba ya kila kitu itapungua. Uvuvi wa omena, dagaa wanaotiwa kwenye vyakula vya mifugo, hufungwa huku kwetu ziwani kuanzia Aprili hadi Julai, kwa hivyo mpango mzuri utakuambia uinunue mapema, tena kwa wingi kuliko ulivyozoea.

Jambo la pili ni umeme. Ankara ya kiwanda haihesabu yuniti peke yake. Kuna pia malipo ya kilele cha matumizi ya mwezi, kinachopimwa kwa kVA, kipimo cha mzigo wa umeme. Kinu na mashine ya peleti zikizidiwa na kazi kwa pamoja mchana mmoja tu, mwezi mzima mtalipia kilele hicho. Programu nyingi za aina hii zinaweza kuwekewa sharti kwamba mashine fulani mbili zisifanye kazi kwa wakati mmoja. Tangu Desemba 2017 ipo pia nafuu ya bei ya umeme wa usiku kwa viwanda vinavyotimiza masharti yake, lakini mshahara wa zamu ya usiku unaweza kuimeza, na mimi nisingeanza na hilo.

InjiniaWebuye

Mhasibu amesema kweli, lakini amepita mlango wa nyuma. Faida kubwa imo katika mfuatano wa kazi, na hapo ndipo Excel inaposhindwa, kwa sababu ukiandika tani arobaini katika siku yenye uwezo wa tani thelathini, karatasi hiyo itakupokea bila kulalamika. Programu ya ratiba hukataa. Inajua kwamba mashine ya peleti ni moja, kwamba fundi wake ana likizo Ijumaa, na kwamba kazi haianzi kabla mashudu hayajafika.

Mpe mzee hesabu hii, aifanye mwenyewe kwa kalamu. Kazi ya kwanza inahitaji saa 1 ya kusaga na kuchanganya, kisha saa 4 za peleti. Kazi ya pili inahitaji saa 3 za kuchanganya na saa 2 za peleti. Ukianza na ya pili, mashine ya peleti itakaa bure saa 3 za mwanzo, na kazi zote zitaisha baada ya saa 9. Ukianza na ya kwanza, zitaisha baada ya saa 7. Hukununua mashine wala hukuajiri mtu, na umepata saa 2. Kanuni ya kupata mfuatano bora kwa hatua mbili kama hizi ilichapishwa na S. M. Johnson mwaka 1954, na kwa kazi mbili hata ubao unatosha. Kazi zikiwa kumi, mifuatano inayowezekana ni 3,628,800, na sijamwona msimamizi anayeipima kabla ya chai ya saa nne.

Halafu kuna usafishaji. Ukitoka kwenye chakula cha vifaranga chenye dawa ya kuzuia kuhara damu na kuingia moja kwa moja kwenye chakula cha kuku wa mayai, ni lazima upitishe pumba kwanza ili mabaki ya dawa yasifike kwenye mayai. Ukienda kinyume, kutoka chakula kisicho na dawa kwenda chenye dawa, hatari hiyo haipo. Kwa hivyo gharama ya kubadilisha kazi inategemea umetoka wapi na unakwenda wapi, na mpango unaokusanya kazi zenye dawa pamoja mwishoni mwa zamu hukuokolea muda na pumba. Ndugu, wewe husafisha mara ngapi kwa wiki?

MsimamiziNakuru

Injinia, umenishika. Sijawahi kuhesabu, ila nadhani hazipungui mara tisa. Je, mteja mkubwa akipiga simu Jumatano, programu itanisaidia au itavurugika kama ubao wangu?

MauzoKisumu

Hilo nitalijibu mimi, kaka, kwa kuwa ndiye ninayepokea simu za namna hiyo. Awali nilikuwa nikimwambia mteja "tutajitahidi", kisha namkimbilia msimamizi kumwomba. Sasa tunaingiza oda hiyo kwenye programu yetu kwa majaribio, na baada ya dakika chache tunaona itatoka lini na ni oda za nani zitakazosogezwa. Mara nyingine tunaikubali, mara nyingine namwambia mteja Ijumaa mchana, naye anakubali, kwa sababu mwenye duka anaweza kuipanga Ijumaa ya kweli lakini hawezi kuipanga Jumatano ya uongo. Saa za ziada hazijaisha kwetu. Kilichobadilika ni kwamba tunazijua siku tatu kabla.

MpangajiKakamega

Nawaheshimu wote, lakini mimi nimeizika programu kama hiyo. Kiwanda nilichokuwapo kilinunua, kikafundishwa siku mbili, na muda wa kila kazi ukajazwa kutoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa mashine. Kitabu kilisema tani tano kwa saa. Mashine yetu, dai zake (vyuma vyenye matundu ya kutolea peleti) zikiwa zimelika, ilitoa tatu na kidogo. Ratiba ilitoka safi kila asubuhi, na kufikia saa sita mchana kila mtu alikuwa amerudi kwenye daftari lake. Baada ya miezi mitano hakuna aliyefungua programu isipokuwa karani, ambaye aliendelea kuchapisha karatasi kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache.

Bwana Msimamizi, kabla ya kumwomba mzee hata shilingi, pima muda wa kweli kwa wiki nne. Kisha chukua oda za mwezi uliopita na uwatake wauzaji wa programu wazipange kwa kutumia vipimo vyako, siyo data zao za maonyesho. Ukitaka kujaribu bila gharama, programu ya kupanga uzalishaji iitwayo frePPLe ina toleo la bure, ingawa utahitaji kijana anayejua kompyuta vizuri kuliko mimi.

MsimamiziNakuru

Nawashukuru sana. Jana nilimwonyesha mzee ile hesabu ya saa 7 na saa 9. Aliirudia mara mbili, akanyamaza, kisha akaagiza aletewe idadi ya usafishaji kila Jumamosi. Kuhusu programu hajakubali wala kukataa. Leo asubuhi nimewapa daftari mafundi wa zamu zote mbili. Swali langu la mwisho: muda wa kubadilisha dai niuandike ndani ya muda wa kazi, au peke yake?

MpangajiKakamega

Peke yake, na waandike dai iliyotoka na iliyoingia, pamoja na jina la fundi aliyebadilisha. Sisi tuligundua tofauti ya dakika arobaini kati ya fundi mmoja na mwingine, na kumbe mmoja wao alikuwa akitumia spana isiyo yake.