Kamati ya Harusi ya Rehema, Buyenzi, Bujumbura (Burundi)

Rehema: Assalaam alaykum familia. Natoka kwa Mama Dina sasa hivi. Nguo BADO. Anasema umeme umekatika siku 3, na cherehani ya kukanyaga imekatika mkanda. Zimebaki wiki 3 jamani 😭

Rehema: Kuna fundi mwingine mjini, ana jenereta. Kesho nachukua kitambaa nampelekea.

Yusufu Kigoma: Jenereta bila petroli ni pambo la uani 😂

Rehema: Esansi, yaani petroli, atapata. Mlango wa nyuma hauishiwi

Mama Rehema: Mimi nilisema tangu mwanzo. Mama Dina macho yamechoka.

Baba mdogo Hamisi: Hiyo esansi ndiyo tuizungumze. Magari ya bwana harusi ni 2. Mwenzangu amelala kwenye foleni ya kituo usiku kucha akarudi na bidoni tupu.

Yusufu Kigoma: Bidoni = dumu, kwa wasioelewa Kirundi-Kifaransa chenu

Asha Montréal: Kwani haiwezi kusogezwa mbele kidogo? Hadi hali itulie.

Shangazi Mwajuma: Wa alaykum salaam. Kitambaa kisitoke kwa Mama Dina.

Rehema: Shangazi lakini

Shangazi Mwajuma: Hakuna lakini. Na harusi haisogezwi. Yangu ilisogezwa mara 2, mimi najua.

Asha Montréal: Mara 2? Hiyo hatujawahi kuambiwa

Shangazi Mwajuma: Hamjawahi kuuliza. Ngojeni nivae miwani.

Shangazi Mwajuma: Nilikuwa na miaka 21. Nikaha ilipangwa Aprili 1995. Bwana anatoka avenyu ya 9, mimi ya 13, tumekua pamoja. Satini nyeupe mita 5 nilinunua soko kuu, lile lililoungua 2013. Gauni nikampa msichana wa Bwiza, kartie ya jirani, aliyekuwa akinifundisha kushona. Yeye Mkristo, Mhutu. Nayataja kwa sababu wakati ule ndiyo yaliyokuwa yakiulizwa.

Yusufu Kigoma: Vita si vilianza 93?

Baba mdogo Hamisi: Rais Ndadaye aliuawa 21 Oktoba 1993, miezi michache tu tangu achaguliwe. Huko mikoani watu waliuana vibaya sana. Hapa mjini iliingia kartie moja baada ya nyingine. Leo huku, mwezi ujao kule.

Shangazi Mwajuma: Ndiyo. Usifikiri kila siku ni risasi. Unaamka, unachota maji, unapika ndagala, unasikiliza leo ni wapi. Halafu kuna siku za ville morte: vijana wamefunga barabara kwa mawe na matairi, atakayetoka shauri yake. Nilijifunza kujua siku kwa sauti za asubuhi. Nisiposikia bisi nilirudi kulala.

Shangazi Mwajuma: Mama alikuwa anatutuma sokoni kwa zamu. Hakutaka wasichana 2 wa nyumba moja wawe sehemu moja. Hakusema kwa nini. Tulidhani anatugawia kazi.

Mama Rehema: 😔 Hata mimi hilo nililielewa nikiwa na watoto wangu

Shangazi Mwajuma: Sasa mwisho wa Machi 1995. Bwiza hiyo mnayokwenda kula mishikaki. Wakaingia vijana wenye silaha wakiwasaka Wahutu, askari wapo wanatazama. Buyenzi yetu nayo iliguswa, asiwadanganye mtu kwamba Waislamu hatukufikwa. Usiku umeingia, mlango unagongwa. Nafungua, ni fundi wangu. Mkono mmoja kitambaa changu, mkono mwingine pasi ya makaa. Ingali na moto ndani.

Yusufu Kigoma: Pasi???

Shangazi Mwajuma: Pasi. Hakuchukua kitambulisho, hakuchukua viatu. Nilimuuliza baadaye, hata yeye hajui.

Baba mdogo Hamisi: Walikuwa watatu, dada.

Shangazi Mwajuma: Wengine wawili walikuja alfajiri.

Baba mdogo Hamisi: Walikuja pamoja. Nilikuwa na miaka 12 lakini nilikuwa macho. Mama aliwalaza jikoni, akatandika mkeka juu ya magunia ya makala.

Shangazi Mwajuma: Haya, pamoja. Waliokuja kuulizia walikuta mama kakaa kizingitini anachambua mchele usiku, taa pembeni. Akawajibu bila kuinua kichwa: humu ni Waswahili tu. Wakapita. Ule mchele ulikwisha chambuliwa tangu mchana.

Asha Montréal: Bibi 💔

Shangazi Mwajuma: Asubuhi watu wanaelekea mpakani Gatumba wavuke Uvira, Zaire. Nikamwambia acha hicho kitambaa, utakibebaje. Akanijibu, "Nikikiacha utampa fundi mwingine."

Rehema: ...

Rehema: Shangazi ni yeye?

Shangazi Mwajuma: Sijamaliza.

Baba mdogo Hamisi: Mimi nilibeba pasi hadi barabara kubwa. Ilikuwa nzito shetani yule. Sikupewa hata asante 😄

Shangazi Mwajuma: Harusi ya kwanza ikafa hapo. Mwezi Juni jeshi likaingia kartie ya Kamenge, watu wakatawanyika huko nako, nani atacheza ngoma? Tukapanga tena, mwisho wa Julai 1996. Tarehe 25 Meja Buyoya akapindua serikali, akachukua nchi. Wiki haikuisha, majirani wakakutana Arusha, Mwalimu Nyerere akiwapo, wakatufungia mipaka. Sisi tukiita ambago. Ilidumu hadi Januari 1999.

Yusufu Kigoma: Kumbe ni sisi tuliwafungia 🙈

Baba mdogo Hamisi: Nyinyi na wengine. Ila magendo ya ziwani yalitoka kwenu kwenu, Kigoma. Mungu awape heri walanguzi.

Shangazi Mwajuma: Esansi iliuzwa kwenye chupa kama mafuta ya nywele. Kwa hiyo mnaponiambia foleni, nasikia, lakini sishtuki.

Shangazi Mwajuma: Halafu Septemba anakuja mama mmoja Mzaire, muuza samaki kutoka Uvira. Kwenye beseni kuna mukeke, chini ya mukeke plastiki, ndani ya plastiki gauni. Lina mkono mmoja. Wa kulia. Hakuna barua, kwa kuwa barua ikikutwa ni balaa. Nilifua mara 4 harufu ya samaki haitoki.

Mama Rehema: Nakumbuka! Tulikuchomea udi hadi jirani akauliza

Shangazi Mwajuma: Oktoba vita vikaingia Uvira. Wakimbizi wakakimbia tena, wengine kurudi huku, wengine ziwani. Sikujua yuko wapi. Nikaolewa Desemba, mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijatukuta. Nikaha saa 3 asubuhi, pilau limepikwa baada ya swala ya alfajiri, saa 9 kila mtu ameshaenda kwao, maana ukikutwa njiani na kuvrefe, amri ya kutotoka nje, ni kesi. Bwana harusi alikuja kwa miguu, avenyu 4, na kaka zake. Mama yake alikuwa Rumonge, barabara haikupitika, hakuwepo. Hilo ndilo lililomuuma hadi anakufa. Rabi amrehemu.

Asha Montréal: Amin

Mama Rehema: Amin. Kwenye picha una kanga begani upande wa kushoto. Watu walidhani ni mtindo.

Shangazi Mwajuma: Wasichana 2 waliiga 😂 Wakaolewa na kanga begani.

Rehema: Mbona hukumpa fundi mwingine aweke huo mkono?

Shangazi Mwajuma: Ningempa, usinione mtakatifu. Satini ilikuwa haitoshi. Mkono wa pili alibaki nao yeye.

Shangazi Mwajuma: 1998 ikaja karatasi ya Msalaba Mwekundu, ile inayosafiri bila kufungwa, unaandika habari za familia tu. Yupo Mtabila, kambini, Kasulu. Mistari michache. Mzima. Nimezaa msichana, Dina. Kiuno nilikizidisha, punguza. Hayo tu.

Rehema: 😭😭

Yusufu Kigoma: Kiuno nilikizidisha 😂😂 nimelia na kucheka

Shangazi Mwajuma: Alirudi 2008 na malori ya UNHCR. Nyumba ya Bwiza alikuta ina watu wengine, na hadi leo wamo. Alipofika kwangu, miaka 13 hatujaonana, nilimtolea gauni. Hakunisalimia. Aligeuza pindo akauliza ni nani aliyelishona hivi.

Baba mdogo Hamisi: Ni mimi nililipeleka gauni kwa fundi wa avenyu ya 15, dada. Sikusema kitu siku ile.

Shangazi Mwajuma: Ulikuwa wewe?!

Baba mdogo Hamisi: Miaka imepita dada

Mama Rehema: _Ujumbe huu umefutwa_

Yusufu Kigoma: Mama Rehema tumeusoma 😂

Rehema: Shangazi samahani. Sikujua. Kitambaa kitabaki.

Shangazi Mwajuma: Wala usimwambie kwamba nimekusimulia, atanisema. Mkanda wa cherehani ni kazi ya Yusufu. Kigoma hamkosi, mpe mtu wa boti Jumatatu.

Yusufu Kigoma: Nipigieni picha ya namba ya cherehani. Petroli je?

Shangazi Mwajuma: Bwana harusi anakaa wapi?

Rehema: Jabe

Shangazi Mwajuma: Jabe hapo! Na magari 2 ya nini? Hamisi, rudisha hela ya bidoni, inunue mchele.

Baba mdogo Hamisi: Na wazee?

Shangazi Mwajuma: Wazee ni mimi na wewe. Tutatembea. Rehema, kesho saa 4 uwe kwa Mama Dina akupime upya, umepungua. Akisema mkono wa kushoto ushonwe wa mwisho, muache.