Mjadala: Filamu za "jinsi mchezo ulivyotengenezwa", neno la mwisho liwe la mwenye mchezo au la mwenye kamera?

Mtoa mada

Wadau, kuna jambo limenikaa rohoni, naomba tulijadili bila kuoneana haya. Nazungumzia zile filamu za hali halisi zinazotuonyesha jinsi michezo mikubwa ya muziki ya jukwaani ilivyotengenezwa. Filamu ya aina hii ikilipiwa na wenye mchezo, wao ndio wanaochagua nani ahojiwe, na wao ndio wanaopitisha kinachobaki na kinachokatwa. Mimi nasema hapana. Neno la mwisho liwe la aliyeshika kamera.

Chukueni usiku mmoja wa Mei 1970, studio ya Columbia, New York. Mtengeneza filamu D. A. Pennebaker anawapiga picha waigizaji wa "Company", mchezo wa muziki wenye nyimbo za mtunzi Stephen Sondheim, wakirekodi albamu. Mwigizaji Elaine Stritch kabakiwa na wimbo wake mkubwa, "The Ladies Who Lunch". Saa zimekwenda na sauti imemkauka. Anaimba, hautoki. Anarudia, unazidi kuharibika. Kwenye chumba cha mitambo Sondheim na wenzake wanasikiliza, nyuso zimewashuka. Stritch anajifokea mwenyewe. Mwishowe wanarekodi okestra peke yake na yeye anaruhusiwa aende akapumzike. Siku chache baadaye anarudi, kajipamba, anauimba juu ya ile okestra mpaka nywele zinakusimama.

Sasa mpeni mkanda ule mhariri aliyeajiriwa kumpendeza mwenye mchezo. Atabakiza ushindi, na usiku wote ule ataufupisha uwe sekunde kumi za "ilikuwa kazi ngumu". Wakati ushindi hauna uzito wowote kama hukuuona usiku.

La pili linaniuma zaidi. Mwaka 1981 mchezo mwingine wa Sondheim, "Merrily We Roll Along", ulianguka: maonyesho 16 tu tangu uzinduliwe rasmi, ukafungwa. Televisheni ya ABC ya Marekani ilikuwa imeshawapiga picha vijana wa mchezo ule wakati wa matayarisho. Kipindi hakikurushwa na mikanda ikawekwa kando. Imepita miaka zaidi ya thelathini ndipo Lonny Price, mmoja wa vijana walewale, akaipata na kutengeneza filamu iliyotoka 2016. Unawaona wabichi kabisa, wanacheka, macho yanawaka, nawe unajua kinachowangoja. Na mchezo uleule ulirudi Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, ukachukua Tony ya 2024, tuzo kuu ya kumbi hizo, kama mchezo wa muziki uliofufuliwa vizuri kuliko yote. Kama mikanda ile ingetupwa, tungebaki na hadithi ya washindi peke yao.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Nakuunga mkono, tena kwa niliyoyaona. Niliwahi kufanya kazi nyuma ya jukwaa, kusukuma mapambo na kuvuta kamba. Watu wa kamera waliletwa wiki ya mwisho ya mazoezi, wakati tayari kila mmoja anajua mahali pake gizani. Tukaambiwa turudie "siku ya kwanza": waigizaji waingie mlangoni, washtuke, wakumbatiane kama ndiyo kwanza wanaonana. Walikumbatiana mara tatu kwa sababu taa hazikukaa sawa. Wawili kati yao walikuwa hawasemeshani tangu mwezi uliopita. Filamu ilipotoka, lile kumbatio ndilo lililoifungua.

Mchangiaji wa pili

Mtoa mada, nakuheshimu, ila hapa umeteleza.

Chumba cha mazoezi si mahali pa kuchunguliwa. Mtu anajaribu noti ya juu, inapasuka, anajaribu tena. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu anajua aibu yake inaishia mle ndani. Ukimweka mgeni pembeni mwenye kamera na haki ya kukata atakavyo, huyo mwimbaji ataacha kujaribu. Ataimba salama, na mchezo wenyewe utadhoofika. Tusiharibu kazi ili tupate filamu ya kazi.

Pili, mmeusahau mchezo wa muziki wa Broadway "Spider-Man: Turn Off the Dark"? Uligharimu dola milioni 75, ukafanya maonyesho ya majaribio zaidi ya 180 mbele ya watu waliolipa, waigizaji wakaumia, mmoja akaanguka kutoka juu Desemba 2010, na Machi 2011 muongozaji Julie Taymor akawekwa kando. Picha za mtu anaanguka mngetaka ziwe mali ya nani? Za mpiga picha anayetafuta soko?

Tatu ni sheria. Kwa kawaida huwezi kupiga wimbo kwenye filamu yako bila kibali cha mwenye wimbo. Kwa hiyo mwenye mchezo yumo ndani ya chumba cha uhariri, mpende msipende. Heri mkataba useme wazi kuliko kujidanganya.

Mchangiaji wa tatu

Mnagombania kamera, mimi nauliza habari ni za nani. Januari 1974 muongozaji Michael Bennett alikaa na wacheza dansi, kinasa sauti kikawashwa, wakakesha wakisimulia maisha yao. Humo ndimo "A Chorus Line" ilimotoka. Mchezo ulikaa Broadway toka 1975 hadi 1990, maonyesho 6,137. Wale wacheza dansi walikuwa wamesaini kutoa habari zao kwa dola 1 kila mmoja. Bennett baadaye aliwatengea sehemu ya mirabaha, hilo tumpe haki yake, lakini ulipofufuliwa 2006 ilibidi wadai upya, na makubaliano hayakufikiwa hadi 2008.

Mwaka huohuo 2008 ikatoka "Every Little Step", filamu ya usaili wa ule uliofufuliwa. Unasikia sauti zao za 1974 huku vijana wapya wanagombea kuwa wao. Mwigizaji Jason Tam anasimama mbele ya wasaili na hotuba ya Paul, mmoja wa wahusika wa mchezo, na wasaili wanatokwa na machozi. Niliitazama mara mbili. Kila mara nilikuwa nawaza ile dola moja.

Mtoa mada

Mchangiaji wa pili, la Spider-Man umenipata. Sitaki picha ya mtu anaanguka iwe ya mpiga picha. Lakini angalia: wala sitaki iwe ya mwekezaji. Ni ya aliyeanguka. Na mchangiaji wa tatu amenisaidia kuliona hilo. Nilianza kwa kumtetea mwenye kamera dhidi ya mwenye mchezo, kumbe kuna mtu wa tatu niliyemruka: yule aliye mbele ya lenzi.

Basi nairekebisha hoja yangu. Anayeonekana akishindwa awe na haki ya kusema "hii sitaki", na alipwe kwa anayoruhusu. Mwenye nyimbo atoe kibali, achukue malipo yake, hapo aishie. Kibali cha wimbo kisigeuke ufunguo wa kufutia mgogoro. Kuhusu mwimbaji kuogopa kamera, haki hiyo ya kukataa ndiyo itakayomtoa hofu. Anayemtisha si mpiga picha peke yake, ni kutojua picha zitaishia wapi.

Mchangiaji wa kwanza, nina swali kwako. Siku ile ya makumbatio, kuna karatasi yoyote mliyosaini?

Mchangiaji wa kwanza

Tulisaini. Ukurasa mmoja, tukiwa tumesimama, kalamu moja ikipita mkono kwa mkono, mtu anatuharakisha kwa sababu ya taa. Mimi sikuusoma, na sikumwona aliyeusoma.