Mafundi wa matangi ya samaki, acheni kuzificha hita nyuma ya mapambo

Wadau wa samaki wa mapambo, nimevumilia vya kutosha na leo nasema. Nimechoshwa na mafundi wanaolipwa kufunga tangi la nyumbani, wakatumia muda wote kupanga mawe, mimea na taa, halafu mwisho kabisa, wakati vifaa vyao vimeshakusanywa, wakaichukua hita na kuichomeka kwenye pembe yoyote iliyobaki, ilimradi mgeni asiione. Samaki wa maji ya joto huhitaji nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi usiku na mchana, na kinachowapatia joto hilo chumba kinapopoa ni hita peke yake. Kwa mafundi hawa, hata hivyo, hita ni kitu cha aibu kinachoharibu mandhari.

Aliyenifungia tangi langu aliisimamisha hita wima kwenye kona ya kulia, nyuma ya mwamba wa bandia, ilhali chujio liko kona ya kushoto kabisa. Kipimajoto nacho akakibandika sentimita chache tu kutoka kwenye hita hiyohiyo, akaniambia kwamba nikiona nyuzi 26 nisiwe na wasiwasi. Kweli, nyuzi 26 nilikuwa naziona kila siku. Nilichokuwa nakiona pia ni samaki waliojibana nyuma ya mwamba, mapezi wameyakunja, hawataki kutoka hata wakati wa chakula. Nilipokihamishia kipimajoto upande wa chujio, kilishuka hadi nyuzi 22. Haikupita muda madoa meupe kama chembe za chumvi yakaanza kuonekana kwenye mapezi, na kila mfugaji anajua kuwa ugonjwa huo hupenda kuwavamia samaki waliodhoofishwa na maji yanayobadilikabadilika joto.

Nilipolalamika, nilipewa jibu ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike uzi huu: eti hita ni ndogo, ninunue kubwa zaidi. Tangi ni la lita 100 na hita ni ya wati 100, na makadirio yanayotumiwa na wafugaji wengi ni takriban wati 1 kwa kila lita. Udogo uko wapi hapo?

Tatizo halikuwa nguvu ya hita, bali mahali ilipowekwa. Katika hita nyingi za kuzamisha, themostati, yaani swichi inayoiwasha na kuizima hita kulingana na joto, imo ndani ya bomba lilelile lenye waya unaotoa joto, kwa hiyo haipimi tangi zima, inapima maji yaliyoigusa. Maji yakiwa yametuama nyuma ya mwamba, hupata moto upesi, themostati ikadhani kazi imekwisha, taa ndogo ya hita ikazimika baada ya dakika chache, na upande wa pili wa tangi ukabaki baridi vilevile. Ukiweka hita kubwa zaidi kwenye kona hiyohiyo, utakachopata ni maji yaleyale yaliyotuama kupata moto haraka zaidi na swichi kukata mapema zaidi. Tena hita kubwa ina hatari yake: swichi ya ndani ikinata na kukataa kuzima, wati nyingi zitawapika samaki kabla hujaamka.

Hita inatakiwa kukaa panapopita maji, karibu na mdomo wa chujio, ili joto libebwe na kusambazwa. Kama ni ya kuzama yote na maelekezo yake yanaruhusu, ilazwe chini, sentimita kadhaa juu ya changarawe, kwa kuwa maji ya moto hupanda yenyewe. Nafasi ikiwa finyu, iinamishwe. Zile ambazo kichwa chake hakitakiwi kulowa hazina budi kusimama wima, na kwa hizo simlaumu mtu. Tangi likizidi urefu wa mita 1, ni heri hita mbili ndogo, moja kila upande, kwa sababu moja ikiharibika nyingine itapunguza madhara. Kipimajoto kikae mbali na hita. Hili la mwisho halihitaji hata elimu, linahitaji kufikiri tu.

Kulaza chini kuna faida nyingine ambayo mafundi hawaisemi kwa kuwa siku ya kubadilisha maji wao hawapo. Hita iliyosimama hubaki wazi mara tu maji yanapopungua, kioo chake kikapata moto hewani, na maji mapya ya baridi yakikigusa kinapasuka, umeme ukiwa bado umo. Iliyolala chini hubaki imezama, ingawa hata hiyo lazima ichomolewe kwanza, na kama unataka kuitoa majini, uiache ipoe kwa dakika 15 hadi 30.

Kuna na hawa wanaoifukia ndani ya changarawe, kisha wanapiga picha na kusifiwa kwa usafi wa kazi! Joto halina pa kwenda, kioo kinazidiwa moto mahali pamoja na kupasuka. Wengine huibana kati ya mapambo ya plastiki na jiwe, mahali ambapo kambare wale wanaonata kwenye kioo hupenda kujificha, na kambare huyo hulala juu ya bomba la moto mpaka ngozi ikaungua. Kizimba cha plastiki cha kuifunika kipo, lakini fundi hakitaji mpaka uulize.

Watengenezaji nao hawasalimiki. Karatasi ya maelekezo niliyoikuta kwenye boksi imejaa maonyo kuhusu plagi, lakini kuhusu mahali pa kuiweka inasema tu iwekwe "panapofaa". Panapofaa kwa nani, kwa samaki au kwa macho ya wageni?

Kwa fundi yeyote atakayegusa tangi langu tena, sharti ni hili. Kabla ya kupokea malipo ya mwisho, akihamishie kipimajoto upande ulio mbali na hita, tusubiri hita iwake na kuzima mara kadhaa, kisha tusome wote wawili pande zote mbili. Tofauti ikizidi nyuzi 1, atavua saa yake, atakunja mikono ya shati na kuanza upya, hata kama itabidi mwamba wake mzuri uondolewe.